Agizo la Mwisho Kwenye Mstari

Simu iliita mara moja, ikakatika. Ikaita tena.

Meruert aliipokea bila kuondoa macho barabarani. Gari lake, UAZ ya kijivu, lilikuwa linateleza juu ya barafu ya Februari, upepo wa nyika ukilipiga ubavuni kana kwamba unalidai deni.

"Chai imemwagika," ilisema sauti ya Kanali Tasbolat, mkuu wake kazini.

"Ya kikombe kipi?"

"Cha mdogo wako."

Mguu wake ulikandamiza mafuta wenyewe.

Kikombe cha mdogo wake kilikuwa Sarybulak, kituo cha reli mpakani na China. Pale kila behewa linaloingia Kazakhstan hupitishwa chini ya mionzi, na mkaguzi aliyekaa mbele ya skrini huamua lipite au lifunguliwe. Olzhas Baitasov alikuwa mkaguzi huyo. Siku moja alibonyeza kitufe cha kijani kwa behewa la marumaru. Njiani polisi wakalifungua wakakuta heroini imejazwa hadi darini.

Olzhas alisema picha aliyoiona ilikuwa ya marumaru tupu. Aliwaambia wapelelezi, akamwambia hakimu, akamwambia mtu aliyekuwa akimletea uji gerezani. Wapelelezi walifungua kompyuta yake wakaikuta haina kasoro. Ikabaki kwamba amekula rushwa.

Alifia gerezani, mapafu yamejaa maji.

Wakati huo Meruert alikuwa nchi nyingine, akitumia jina lisilo lake, katika kazi ambayo haikumruhusu hata kulia. Aliambiwa baada ya mazishi. Alipandishwa cheo mwezi huohuo. Hakuwahi kuvaa zile nyota.

"Nieleze, afande," alisema.

"Asubuhi hii wanaweka upya mfumo kwenye kompyuta zote za ukumbi wa mionzi. Zinajiwekea zenyewe kupitia mtandao, hakuna mtu anayezigusa. Sita zimemaliza. Moja imekwama."

"Na iliyokwama?"

"Imeonyesha anwani ambayo fundi wao haijui. Amepiga simu makao makuu kuomba msaada. Simu imeishia kwangu. Msaada ni wewe. Jina lako ni Inkar Dosova, mhandisi."

"Na treni?"

"Inaingia mchana. Tuna taarifa kwamba behewa moja lina makombora ya kurushia begani. Wanunuzi wako Almaty, wamepanga nyumba karibu na uwanja wa ndege. Hatujui ni behewa lipi. Naweza kuisimamisha treni sasa hivi, nikayapata makombora."

"Lakini hutampata anayewafungulia mlango."

"Sitampata."

Meruert alitazama nyika nyeupe isiyo na mwisho.

"Usiisimamishe, afande."

*

Aliyempokea mlangoni alikuwa naibu mkuu wa kituo, Kairgeldy Musin. Pandikizi la mtu, mwenye sauti laini na mikono laini zaidi. Wote kituoni walimwita Kaireke, kwa heshima.

Meruert alimjua kwa maandishi. Ushahidi wake mahakamani aliusoma mpaka ukamkaa kichwani: *Nilimpenda kijana huyu kama mwanangu, lakini sheria haina mwana.*

"Karibu, mwanangu! Baridi imekula mashavu yako yote," alisema Kairgeldy. "Kunywa chai kwanza. Kuna maandazi ya moto, kuna siagi. Huko mjini hawakulishi?"

"Asante, Kaireke. Nianze na mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Lile ni dude la zamani, litupeni tu. Sita zinatosha."

"Kaireke, ukianza kutupa vya zamani, mimi nitabaki?" ilisema sauti kutoka chini ya meza.

Alitokea mwanamke mnene mwenye kitambaa chekundu kichwani na mbegu za alizeti mdomoni. Patigul, fundi wa mtandao wa kituo, Muuiguri wa vijiji vya karibu.

"Wewe tutahitaji winchi kukutoa," Kairgeldy alicheka.

"Basi leta winchi, na chai uilete nayo!"

Naibu mkuu aliondoka akicheka. Meruert alimsindikiza kwa macho mpaka mlango ulipofungwa. Chini ya koti, bastola yake ya Makarov ilikuwa imeshika joto la mwili wake.

"Haya dada, njoo uone uchawi," alisema Patigul.

Skrini ilikuwa nyeusi, maandishi meupe yamesimama.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuielewa. Kompyuta isiyo na mfumo ikiwashwa huita kwenye mtandao: nani ataniamsha? Seva huijibu, huipa kiini cha mfumo pamoja na mstari mmoja wa maagizo. Tumia kebo hii. Chukua mfumo pale. Faili la majibu liko kule. Faili hilo ndilo linalojibu maswali yote ambayo kwa kawaida angeulizwa mtu aliyekaa mbele ya mashine. Ukikosea neno moja kwenye mstari ule, mashine husimama kama punda.

"Nilidhani ni kebo," Patigul alisema. "Ina matundu mawili ya mtandao, mara nyingi inakimbilia lisilo lake. Nikaitajia tundu. Wapi! Nikadhani haijapata anwani. Imepata. Inasema haioni faili la majibu, tena inataja anwani nisiyoijua. Na faili liko kwenye seva, nimeliona kwa macho yangu haya."

"Izime. Tuusome mstari wenyewe kabla haujakimbia."

Patigul aliiwasha upya, Meruert akabonyeza kitufe kwa wakati wake, na mstari ukasimama mbele yao. Mrefu, umejikunja mara kadhaa kwenye skrini.

Waliusoma neno kwa neno, Patigul akifuatisha kwa kidole kilichojaa chumvi.

Kidole kilisimama.

"Mbona faili la majibu limetajwa mara mbili?"

Mara ya kwanza, anwani ilikuwa ya seva ya kituo. Mara ya pili, mwishoni kabisa, ilikuwa anwani nyingine. Na ilikuwa imekatika katikati, kama mkia uliobanwa na mlango.

"Mashine hii ya zamani haimezi mstari mrefu," Meruert alisema taratibu. "Ukizidi, inakata. Ndiyo maana imekwama. Imepewa nusu ya anwani."

"Na zile sita mpya zinameza wote."

"Zinameza wote. Na agizo likitajwa mara mbili, linalofuatwa ni lipi?"

Patigul alitema ganda la mbegu. Uso wake ulikuwa umepoteza utani.

"La mwisho," alisema. "Ee Mungu wangu. Zote sita zimekula majibu ya mtu mwingine."

Walifungua maagizo kwenye seva. Mkia haukuwepo. Kulikuwa na kitu katikati ya njia, kinapokea mstari safi na kuutoa na mkia.

Meruert alitoa mfukoni kidude kidogo kuliko kiberiti, akakichomeka kwenye swichi ya mtandao, pale nyaya zote za kituo zinapokutana. Taa yake ya bluu ilipepesa. Kwenye simu yake orodha ya vifaa ilianza kupanda, na mbele ya kimoja ikasimama alama nyekundu.

"Tundu la kumi na tisa. Linaenda wapi?"

"Kwa Kaireke. Ni printa yake. Dada, ile printa haijawahi kutoa karatasi tangu niajiriwe. Kila siku anakuja kuchapisha kwangu."

Meruert alikuwa ameshaliona lote. Majibu ya mwizi huipandikizia kompyuta kipande kidogo cha programu. Behewa fulani likipita, kipande hicho huonyesha picha ya zamani, picha safi. Kisha anatolewa mtu wa kubeba lawama, na mashine zote zinawekewa mfumo upya. Kipande kinafutika. Wapelelezi wanafungua, wanakuta usafi.

"Patigul. Alipokamatwa Olzhas Baitasov, nani aliamuru mashine ziwekwe upya?"

"Kaireke. Alisema tuondoe nuksi." Macho ya Patigul yalijaa ghafla. "Ulimjua Olzhas? Alikuwa ananiletea tikiti maji. Mtu wa tikiti maji, wakamfanya mwizi wa heroini."

"Alikuwa mdogo wangu."

Patigul alimtazama. Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, akavuta kibodi karibu.

"Niambie tufanye nini."

*

"Nimemjua," Meruert alinong'ona kwenye redio iliyofichwa sikioni.

"Mkamate," Kanali alijibu.

"Bado."

"Meruert. Treni iko njiani."

"Mdogo wangu aliketi kwenye kile kiti, afande. Na yeye ataketi."

Redio ilikwaruza.

"Vijana wangu wako nyuma ya kilima," Kanali alisema mwishowe. "Ukikosea, sitaweza kukuokoa."

"Sijaomba."

Wasingeweza kuichomoa ile printa ya uongo. Simu ya Kairgeldy ingemwambia mara moja. Lakini mashine sita zilikuwa zimeshamripotia kwamba zimemeza, na hakuwa na sababu ya kuziuliza tena. Basi wangezipa mfumo upya, na safari hii Meruert angekaa mbele ya kila moja, auzuie mstari kabla haujaondoka, kisha aandike kwa mkono wake, baada ya mkia wa mwizi, agizo lake mwenyewe, la kurudi kwenye seva ya kituo.

La mwisho ndilo linalofuatwa.

Patigul alilichomoa lile dude la zamani, akalilaza sakafuni, wakaanza. Vidole vya Meruert vilikuwa vinakimbia. Moja ikaondoka. Ya pili ikaondoka. Patigul alichukua ya tatu na ya nne.

Ya nne ikasimama. *Haioni faili la majibu.*

"Nini tena?" Patigul alilalamika. "Anwani ndiyo hiyo hiyo!"

Mlango ukafunguka.

Kairgeldy aliingia na birika la chai. Akasimama. Mashine tatu zilikuwa zinapandisha mistari ya usakinishaji, moja imekwama na maandishi meupe.

"Mbona hizi zinaanza upya?" Sauti ilikuwa laini bado. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeingia mfukoni, kwenye simu.

Meruert alijua umbali wa kati ya mkono wake na Makarov. Aliupima kwa pumzi.

"Si wewe uliyesema lile dude litupwe?" Patigul alifoka. "Nimelitupa, haya, lione pale chini. Sasa saa za hizi zilikuwa zinafuata saa zake, zote zikapotea majira. Nazirudisha. Unataka treni ipite kwa tarehe ya mwaka juzi? Sema tu, mimi nikanywe chai."

Kairgeldy alitazama lile dude la zamani, limelazwa sakafuni, nyaya zake zimetolewa kama matumbo. Alitazama simu. Simu ilikuwa kimya. Kila kitu kilikuwa bado kimeripoti vizuri.

"Una mdomo mrefu, Patigul."

"Ndiyo uliobaki. Mshahara ni mfupi."

Alicheka. Akaweka birika mezani, akamgusa Meruert begani. "Usimwache akufundishe ulimi wake, mwanangu." Akatoka.

Bega lile lilimwasha Meruert kama limemwagiwa tindikali. Aliinamia skrini ya nne.

"Umesahau nafasi," alisema. "Agizo lako limegandana na la kwake. Mashine imesoma neno moja lisilo na maana."

"Nafasi moja tu?"

"Moja tu."

Patigul aliandika upya. Safari hii mistari ikaanza kupanda. Ya tano. Ya sita.

Mbali, upande wa mpaka, treni ilipiga honi.

*

"Mkaguzi wa zamu yuko wapi?" Kairgeldy aliuliza.

"Chooni," Patigul alisema. "Tumbo. Nilimwambia yule samaki wa kukausha si wa kula asubuhi."

"Treni imefika!"

"Kaireke, kwani wewe huna kibali cha kusoma picha?"

Kibali alikuwa nacho. Na sababu ya kukataa hakuwa nayo. Kwa mawazo yake picha ya leo ilikuwa imeshapikwa ikaiva. Aliketi kwenye kiti, kikalalamika chini yake. Kamera iliyokuwa juu ya skrini, ile inayopeleka kila kitu makao makuu, ilimtazama usoni.

Meruert alisimama nyuma yake.

Treni iliingia polepole chini ya lango la mionzi. Behewa la kwanza: matairi. Kijani. La pili: magunia ya mchele. Kijani. Televisheni. Kijani. Kairgeldy alikuwa akinywa chai ya maziwa kwa mkono mmoja, akibonyeza kwa mwingine, anavuma wimbo wa harusi.

Likaingia behewa la buluu. Kwenye karatasi: mabomba ya maji.

Picha ikatokea.

Wimbo ukakatika.

Mirija kumi na miwili imelazwa ndani ya mabomba makubwa. Kila mrija una mshikio. Kila mshikio una kifyatulio. Ndani ya kila mrija, kitu chembamba chenye mabawa kimejikunja kama popo.

"Soma, Kaireke," Meruert alisema.

"Hii... hii ni..."

"Soma kwa sauti. Makao makuu wanasikia."

"Mashine imeharibika."

"Mashine imepona leo. Olzhas Baitasov alionyeshwa picha safi, akasema safi. Wewe umeonyeshwa hii. Unaona nini?"

Kairgeldy aligeuka taratibu. Ulaini wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Wewe ni nani?"

"Meruert Baitasova."

Chai ya moto ilimjia usoni. Meruert aliinua mkono, ikamchoma kiganja. Kairgeldy alipiga kitufe cha kijani kwa ngumi, akampiga Patigul kikumbo, akachupa nje ya mlango kwa wepesi ambao hakuna aliyeudhania.

Nje, taa ilikuwa ya kijani. Treni ilikuwa imeanza kuvuta.

Meruert alitoka mbio. Hewa ilikuwa kali kama wembe. Aliona lile koti kubwa likikimbia kando ya reli, mkono ukakamata ngazi ya behewa la buluu, mwili ukajivuta juu.

Risasi ililia kutoka kwenye ngazi ile. Changarawe zikaruka miguuni pake.

Ya pili ikapasua kioo cha mnara wa mlinzi.

Treni ilikuwa inashika kasi. Kumlenga mtu anayening'inia kilikuwa kitendo cha mpumbavu. Tena alimtaka hai. Alipiga goti moja kwenye theluji. Kati ya behewa na behewa kuna bomba la mpira mnene linalobeba upepo wa breki. Upepo ukitoka, breki zote hushika kwa pamoja.

Alishusha pumzi.

Makarov ilisema mara tatu.

Mpira ukapasuka kwa mlio kama wa nyoka mkubwa. Magurudumu yote yakapiga kelele, cheche zikaruka, treni nzima ikatetemeka kutoka kichwa hadi mkia. Kairgeldy alitoka kwenye ngazi kama gunia linalorushwa na kuli. Akaanguka kifudifudi kwenye theluji, bastola yake ikaenda zake.

Alipoinua uso, mdomo wa Makarov ulikuwa kati ya nyusi zake.

"Piga," alisema, damu ikimtoka puani. Akatabasamu. "Unataka kupiga. Mdogo wako alikuja ofisini kwangu siku ile. Alinililia kama mtoto. *Kaireke, waambie unanijua.* Nilimpa chai."

Kidole cha Meruert kilikaza. Chuma kilijongea. Kilibaki kidogo sana.

Upepo ulipita kati yao.

"Risasi ni jambo la haraka," alisema. "Mdogo wangu hakupewa jambo la haraka."

Akaondoa kidole.

"Kuna chumba cha gereza kule Karabas, kile alichofia, upande wa kaskazini. Dirisha lake lina ufa, theluji inaingia mpaka kitandani. Niliwahi kwenda kukiona. Wakataka kuliziba lile dirisha, nikawaomba waache. Nimekuwekea."

Tabasamu la Kairgeldy lilikufa kwanza midomoni, kisha machoni.

Vijana wa Kanali walikuwa wameshafika, makoti meupe, bunduki zimeelekezwa. Walimfunga pingu akiwa bado ameketi kwenye theluji. Wengine walikuwa wanakata kufuli za behewa la buluu. Huko Almaty, sauti ya Kanali ilisema sikioni, mlango wa nyumba iliyokuwa karibu na uwanja wa ndege ulikuwa umeshavunjwa, na waliokuwamo wamelala sakafuni mikono kisogoni.

"Kazi nzuri," Kanali alimalizia. "Rudi uandike ripoti."

Meruert alichomoa redio sikioni, akaizima.

Patigul alikuja akihema, ameshika bonge la theluji lililofungwa kwenye kitambaa chake chekundu. Akaukandamiza mkono wa Meruert uliochomwa.

"Nilidhani utamuua."

"Nilidhani pia."

"Ungemuua, ningesema aliteleza."

Meruert alicheka. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi ambayo hakuyaona, alicheka. Kisha akatoa simu kwa mkono mzima, akapiga namba anayoijua kwa moyo.

"Mama."

"Meruert? Uko wapi? Mbona kuna upepo?"

"Niko Sarybulak, mama. Sikiliza. Olzhas hakula rushwa. Aliyefanya ni Kairgeldy Musin. Amekamatwa, tumemrekodi. Kesi itafunguliwa upya."

Tangu hukumu ile, hakuna jirani aliyekanyaga nyumba ya mama yake. Waliokuwa wakimgongea mlango kuomba unga walijifunza kupanda ngazi wakitazama ukuta.

"Ngoja," mama alisema.

Zilisikika hatua. Lilisikika komeo la chuma likigoma, kisha dirisha likifunguliwa kwa nguvu, na kelele za uani, watoto, mbwa, wanawake wakikung'uta mazulia kwenye theluji.

"Nimeweka sauti kubwa," mama alisema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Sema tena. Sema kwa nguvu."

Meruert aliinua kichwa, akajaza kifua hewa ya baridi, akasema tena, kila neno, na jina zima la mdogo wake. Alipomaliza, mazulia yalikuwa yameacha kukung'utwa.

Alirudisha simu mfukoni, akafunga vifungo vya koti, akatembea kwenda kwenye gari lake bila kugeuka.